Kupima Ungali Mzima

Wasikilizaji wangu wa redio, nawataka radhi mapema kwa kuwa katika mazungumzo haya yatatajwa maungo ambayo kwa desturi yetu hayatajwi barazani; sitayataja ila kwa haja, wala sitayataja kwa namna itakayomfanya mzazi ainamishe uso mbele ya wanawe. Nakusudia kusema juu ya saratani ya mlango wa kizazi, na hasa juu ya kipimo chake, kwa sababu katika nchi hii hakuna saratani nyingine inayoua wanawake wengi kuliko hiyo, ilhali ni katika saratani chache mno ambazo mtu aweza kuzikata njiani kabla hazijawa saratani.

Kwa makisio ya mwaka 2020 yaliyotolewa na wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania walikutwa na maradhi haya katika muda wa mwaka mmoja, na zaidi ya 6,000 wakafa kwayo. Mwenye kuziweka hesabu hizi mbili pamoja ataona kwamba kwa kila wanawake kumi wanaopatwa, hutokea vifo kama sita. Huko Uingereza, ambako tangu mwaka 1988 kila mwanamke aliyefikia umri wa kupimwa huitwa kwa barua, na asipokwenda hukumbushwa kwa barua nyingine, vifo vya namna hii vimepungua sana. Wanawake wa huko hawakuumbwa kwa udongo mwingine, wala kirusi kiletacho maradhi haya si dhaifu kwao kuliko kwetu. Kinachowatofautisha na sisi ni kwamba wao hupimwa wakiwa wazima, na sisi wengi wetu huenda hospitali baada ya maumivu kutushika mkono na kutupeleka.

Na hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu asiyefahamu mwendo wa maradhi haya hawezi kufahamu kwa nini mtu asiyeumwa aambiwe aende akapimwe. Mlango wa kizazi ni ncha ya chini ya mfuko wa uzazi, pale mfuko unapokutana na njia atokayo mtoto. Saratani ya mahali hapo, karibu yote, hutokana na kirusi kiitwacho papiloma, ambacho hupita kutoka mwili hadi mwili kwa njia ya tendo la ndoa. Na mwanachuoni wa Kijerumani, Harald zur Hausen, aliyelithibitisha jambo hili katika miaka ya 1980 wakati wenzake wengi wakilitilia shaka, alitunukiwa tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kirusi hicho kina aina zaidi ya mia moja, walakini aina mbili tu, iliyopewa nambari 16 na iliyopewa nambari 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Si kirusi cha watu waovu. Wengi kabisa wa wanaume na wanawake waliokwisha kujuana kimwili hukipata wakati mmoja au mwingine wa maisha yao, wasijue siku kilipoingia wala siku kilipotoka, kwa maana mwili wenyewe, bila dawa yoyote, aghalabu hukishinda katika muda wa miaka miwili. Ni kwa wachache, ambao miili yao imeshindwa kukiondoa, ngozi laini ya mlango wa kizazi huanza kubadilika, kwanza kidogo, halafu zaidi, mpaka mwisho mabadiliko yale yakawa saratani. Na safari hiyo yote, kwa mwanamke mwenye kinga timamu, huchukua miaka 15 hadi 20.

Miaka 15, wasikilizaji! Katika muda huo mwanamke hupika, huuza, huzaa, hulea, huenda arusini na matangani, na hakuna siku hata moja ambayo mwili wake utamwambia kwamba liko jambo. Haumwi tumbo wala mgongo, hatoki damu isiyo na wakati wake, hana harufu wala uchafu usio wa kawaida. Dalili hizo zote ambazo tumezoea kuzitaja tunapolitaja gonjwa hili, yaani damu baada ya kukutana na mume, damu katikati ya hedhi moja na nyingine, damu baada ya hedhi kukoma, maji yenye harufu mbaya, maumivu ya nyonga, ni dalili za maradhi yaliyokwisha kukomaa. Yeyote anayesema, mimi sijisikii kuumwa na kwa hiyo sina haja ya kupimwa, ametaja sababu ile ile ambayo ilikuwa imtoe nyumbani aende kliniki.

Basi ingieni nami katika chumba cha kipimo chenyewe, kwa kuwa naamini nusu ya hofu iliyoko mitaani ni hofu ya mlango uliofungwa. Chukueni kituo cha afya chochote cha Temeke au Kinondoni, hapa Dar es Salaam, chenye kliniki ya mama na mtoto. Nje pana mabenchi ya mbao na akina mama waliopakata watoto, kadi za kliniki mikononi, na mzani wa watoto wachanga umening'inia. Ndani pana kitanda chembamba kilichotandikwa plastiki, pazia, taa, na juu ya kijimeza bakuli la chuma lenye vipande vya pamba na chupa ya siki. Siki hiyo ni asidi ya asetiki iliyochanganywa na maji hata nguvu yake ikawa asilimia 3 hadi 5, ukali ule ule wa siki tunayotilia kachumbari. Muuguzi humwuliza mwanamke umri wake, idadi ya uzazi wake, siku aliyomaliza hedhi, na kama amewahi kupimwa. Humweleza atakalofanya, na humwacha avue nguo yake ya ndani tu na kujifunga kanga. Halafu mwanamke hulala chali, magoti juu, na muuguzi huingiza chombo kiitwacho spekulamu, chenye taya mbili zinazofunguka taratibu ili mlango wa kizazi uonekane. Baridi ya chuma husikika, na kubanwa kidogo. Kisu hakuna wala sindano, na hakuna kinachokatwa. Muuguzi hupaka ile siki kwa pamba, husubiri kwa muda wa dakika moja kamili, kisha hutazama kwa taa. Ngozi iliyo salama hubaki na rangi yake. Iliyobadilika hugeuka nyeupe. Shughuli yote ni ya dakika chache, na jibu hutolewa papo hapo, kabla mwanamke hajavaa viatu vyake.

Yuko atakayedharau kipimo cha siki kwa sababu ya urahisi wake, akadhani kwamba wenye mali hupimwa kwa mashine na maskini hutupiwa kitu cha jikoni. Dhana hiyo haina msingi. Jijini Mumbai, katika nchi ya India, wanawake takriban 150,000 wa mitaa ya watu maskini walifuatiliwa kwa muda wa miaka 12. Na matokeo yalipotangazwa mwaka 2013, ilidhihirika kwamba kundi lililopimwa kwa siki, tena na wanawake wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo kwa majuma machache tu, lilipungukiwa na vifo vya saratani hii kwa asilimia 31 kuliko kundi ambalo lilipewa elimu bila ya kipimo. Sisemi kwamba siki haina kasoro. Inategemea jicho la mtazamaji, na jicho huweza kuchoka. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2021 limependekeza kipimo kinachokitafuta kirusi chenyewe kwa vinasaba vyake, ambacho mwanamke aweza kujichukulia sampuli kwa mkono wake mwenyewe, katika faragha, bila kulala juu ya kitanda cha mtu. Siku kitakapoenea katika zahanati zetu nitakuwa wa kwanza kushukuru. Lakini aliye na kipimo cha siki umbali wa nauli moja ya bajaji asikiache kwa kukingoja kilicho bora zaidi. Miaka ya kungoja nayo huhesabiwa katika ile 15.

Na jibu likiwa ni weupe, je? Weupe si saratani. Ni ngozi iliyobadilika, na mara nyingi hutibiwa siku ile ile, juu ya kitanda kile kile. Iko tiba ya baridi, ambayo ncha ya chuma iliyopozwa kwa gesi huwekwa juu ya mlango wa kizazi ikaugandisha kwa dakika tatu, ikaachwa dakika tano, ikarudiwa dakika tatu tena. Na iko tiba ya joto, iliyo ya haraka zaidi, ambayo ncha yake hufikia nyuzi 100 hivi. Baada ya hapo maji maji hutoka kwa majuma kadhaa, na mume na mke hutakiwa kutokutana kwa muda wa majuma manne. Kizazi hakitolewi. Nalikariri neno hili kwa makusudi, kwa kuwa katika mitaa yetu kumeenea uvumi kwamba anayekwenda kupimwa hutolewa kizazi. Uvumi huo ni batili, na mwanamke aliyetibiwa namna hii huweza kushika mimba na kuzaa.

Linganisheni dakika hizo na njia ya pili, ya yule asiyepimwa. Ufukweni mwa jiji letu, kando ya barabara ambayo tangu mwaka 2013 inaitwa Barack Obama, kuna majengo meupe yaliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ambamo Robert Koch, yule aliyegundua vimelea vya kifua kikuu, alipata kufanya utafiti wake wa malaria. Leo majengo hayo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyopata mamlaka yake yenyewe mwaka 1996, na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo pekee nchini yenye tiba ya mionzi, hata mgonjwa wa Kigoma na mgonjwa wa Songea wakakutana katika wodi moja. Wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi ni kundi kubwa kabisa miongoni mwa wagonjwa wake, na wengi wao hufika maradhi yakiwa katika daraja ya tatu au ya nne. Tiba ya mionzi kwa kawaida ni siku tano za kila juma, kwa majuma matano au zaidi. Mtu wa Mbagala Kuu afanye hesabu ya nauli yake, kwenda na kurudi, siku zote hizo, akiwa na maumivu, akiwa hawezi kukaa katika kiti cha basi kwa raha, na nani atabaki na watoto, na nani atafungua genge. Madaktari na wauguzi wa pale wanafanya kazi ambayo ujira wake uko kwa Mungu, na wagonjwa wapo wanaopona. Lakini Ocean Road hiyo hiyo imekuwa ikitoa kipimo kwa wanawake wasioumwa tangu mwaka 2002, na naamini hakuna daktari wa mionzi asiyetamani kumwona mwanamke upande ule wa kliniki kuliko upande wa wodi.

Nirejee katika mambo yanayotuzuia, na la kwanza ni aibu. Wako wanaosema kwamba kuzungumza juu ya maungo haya ni desturi ya kigeni, na kwamba bibi zetu walikufa na stara zao. Sikubaliani nao hata kidogo. Wazee wa pwani hii, Wazaramo na Wandengereko na jirani zao, hawakumwacha mwali aingie katika maisha ya ndoa kipofu. Alikaa ndani, akafunzwa, akawa na somo wake na kungwi wake, na humo unyagoni hapakuwa na ungo la mwili lisilotajwa kwa jina lake, pakiwa na wanawake peke yao. Stara ya wahenga haikuwa kutojua; ilikuwa kujua na kuchagua mahali pa kusema. Kwa hiyo neno langu la leo nalielekeza hasa kwa makungwi na masomo wa Mbagala, wa Chamazi, wa Tandale, ambao bado wanaitwa shughuli zinapofanyika: tieni na hili katika mafundisho yenu, na yule mwali mliyemcheza miaka ishirini iliyopita, ambaye leo ana wana wanne, mshikeni mkono mumpeleke. Mwanamke anayeona haya kuhudumiwa na mwanamume na aombe muuguzi wa kike. Ni ombi la heshima na hakuna wa kumcheka kwalo.

La pili ni mume, au tuseme hofu ya mume. Nimekwisha kusema kwamba kirusi hiki hupita kwa tendo la ndoa, na najua kwamba neno hilo, likifika nyumbani peke yake bila la kulifafanua, laweza kuwasha moto. Bwana ninayezungumza nawe, sikiliza kwa insafu. Kirusi hiki huweza kukaa kimya mwilini miaka na miaka. Mkeo akikutwa leo na mabadiliko, huenda alikipata kabla hajakufahamu. Huenda ulikuja nacho wewe, ukampa bila kujua, kwa kuwa mwanamume hukibeba aghalabu bila dalili yoyote. Na hakuna tabibu, hapa wala ng'ambo, awezaye kutazama mlango wa kizazi akasema nani alimpa nani na lini. Mwenye kuyafanya majibu ya kipimo kuwa ushahidi wa uzinzi amemdhulumu mkewe kwa ujinga wake, na mwenye kumwacha mke kwa sababu hiyo atakuwa amemwacha katika saa ambayo anamhitaji kuliko saa zote. Hatuhitaji kwenu ruhusa tu, mabwana. Tunahitaji mtu wa kubaki na mtoto asubuhi moja, na nauli iliyotolewa bila kuulizwa maswali.

La tatu ni wakati, na hili naliona kuwa zito kuliko aibu, ingawa halisemwi sana. Tuseme mama mmoja wa Mtoni, anayeamka saa tisa za usiku kwenda Feri kununua samaki, akawakaanga, akakaa mezani kwake jioni mpaka waishe. Mtaji wake ni wa siku moja. Akipoteza asubuhi katika foleni, samaki wake wameoza na kesho hana cha kununulia, na kumwambia mtu huyo kwamba afya ni mali ni kumwambia jambo analolijua kuliko sisi. Kwake yeye la kufaa ni kukitia kipimo katika safari ambayo angeifanya hata hivyo: siku ampelekapo mtoto chanjo au mzani, siku aendapo kwa uzazi wa mpango, amwambie muuguzi, nami nipime, kwa kuwa chumba ni hicho hicho na katika vituo vya serikali kipimo hiki hakilipiwi. Na kwa wakuu wa halmashauri zetu nina ombi moja: kliniki ya kipimo ifunguliwe japo alasiri moja katika juma, na Jumamosi moja katika mwezi, ili mama lishe na mfanyakazi wa kiwandani wa Chang'ombe wapate saa isiyoshindana na mkate wao.

Kwa utaratibu wa nchi yetu, mwanamke wa miaka 30 hadi 50 hutakiwa kupimwa, na akikutwa salama hurudi baada ya miaka mitatu. Wanaoishi na virusi vya Ukimwi hawaingoji miaka 30, na wao hupimwa kila mwaka, kwa sababu hatari kwao ni takriban mara sita ya wenzao na ile safari ya miaka 15 huweza kwao kuwa ya mitano. Kwa hiyo aendaye kuchukua dawa zake kliniki asiondoke bila kuulizia kipimo hiki. Ama mabinti zetu, wao wana jambo ambalo mama zao hawakulipata: chanjo, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwezi wa Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 hutolewa kwa dozi moja kwa wale wa miaka 9 hadi 14. Katika uthibitisho wa kwamba dozi moja hutosha umo utafiti uliofanyika hapa hapa kwetu, jijini Mwanza, kwa wasichana 930, na kwa wazazi wanaoogopa kwamba chanjo hii imeletwa kujaribiwa juu ya watoto wao, ni vyema wajue kwamba nchi tajiri ziliwachanja wasichana wao miaka kumi na zaidi kabla yetu, na jirani zetu wa Rwanda walianza mwaka 2011.

Yamebaki mambo madogo ambayo huulizwa. Aliye katika hedhi angoje imalizike. Aliyejifungua angoje majuma sita. Aliyefunga Ramadhani, akawa na shaka juu ya saumu yake, na aahirishe mpaka mwezi uandame, kwa kuwa maradhi yanayokwenda kwa miaka hayatamtangulia kwa siku thelathini. Lakini aahirishe kwa tarehe, si kwa neno la baadaye. Kadi ya kipimo iwekwe pamoja na kadi za watoto, na mwaka wa kurudi uandikwe juu yake kwa kalamu. Na mama aliyepita miaka 50, ambaye hedhi yake imekwisha, ajue kwamba kwake siki haitoshi, kwa maana sehemu inayotazamwa hurudi ndani kwa umri na jicho haliioni. Yeye huhitaji kipimo cha Pap, kinachotazama chembe za mlango wa kizazi kwa hadubini, au kile cha kirusi. Akiona damu yoyote, hata tone, baada ya kukoma kwa hedhi yake, asiipe jina la uchovu wala la uzee, na asiipeleke kwanza kwa muuza dawa wa mtaani. Aende Temeke au Mwananyamala, katika hospitali ya rufaa ya mkoa, na akifika mbele ya daktari asianze na mgongo wala miguu, aanze na hiyo damu.